Mwalimu, unataka kwenda Bunge 2027? Panga haya kabla hujaandikia TSC barua

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya ni Jumanne tarehe 10 Agosti 2027. Kama wewe ni mwalimu wa TSC, ile tume inayoajiri walimu wa serikali, na uko Luanda ama Butere ama Muhoroni ama Njoro, na wenzako kwa stafurumu wameanza kukuita mheshimiwa kwa utani na wewe hukatai, basi jua muda wako ni mfupi kuliko wa yule jamaa wa hadwea mwenye mnamezea mate kiti kimoja. Yeye atauza simiti na mabati mpaka siku ya kura na hakuna wa kumuuliza. Wewe Sheria ya Uchaguzi inataka uwe umeacha kazi miezi sita kabla ya kura, juu mwalimu wa TSC ni mtumishi wa umma, na ukihesabu kurudi nyuma unaangukia mapema Februari 2027. Hiyo miezi sita hakuna mshahara. Mwalimu wa shule ya kibinafsi hii haimhusu, yeye aelewane tu na mwenye shule.

Na si ati njia ni mpya. Mwaka 1957 Waafrika walipochagua wajumbe wao wa kwanza wa LegCo, bunge la enzi za mkoloni, walipatikana wanane, na ukiangalia hao wanane unakuta Oginga Odinga aliyekuwa amefundisha Maseno, Masinde Muliro aliyekuwa mwalimu, Daniel Moi mwalimu, Ronald Ngala wa Pwani naye mwalimu. Juzi tu Omboko Milemba, akiwa mwenyekiti wa KUPPET, chama cha walimu wa sekondari, alichukua ubunge wa Emuhaya 2017 na 2022 akairudia. Lakini angalia Odinga vizuri. Yeye hakutoka darasani leo akaomba kura kesho, 1947 alianzisha Luo Thrift and Trading Corporation, kampuni ya kukusanya hisa za watu wa kawaida, akazunguka nayo miaka, kura ilikuja 1957. Miaka kumi nzima katikati. Watu walikuwa washamkabidhi pesa zao kabla hajawaomba kura.

Mwenye mimi napenda kumtolea mfano zaidi ata si wa huku, ni Stanislas-François Poirier wa Kanada, alizaliwa 1823 Tignish, kijiji kwa ncha ya kisiwa cha Prince Edward, kwa watu wanaitwa Waakadia. Hao ni wazao wa Wafaransa waliokaa pwani ya mashariki ya Kanada, Waingereza wakaanza kuwafurusha 1755 na kwa kisiwa hicho ikafika 1758, wengine wakajificha, wengine wakarudi pole pole wakaanza upya, Tignish yenyewe ilianzishwa 1799 na familia chache za hao. Kwa hivyo mtu huyu anatoka kwa watu wachache, Wakatoliki wanaoongea Kifaransa katikati ya Kiingereza kila upande, na shamba lenye watu wa kisiwa wanalima si lao, juu 1767 serikali ya Uingereza ilikata kisiwa vipande 67 ikagawia mabwana kwa kura ya bahati, na wengi wa hao mabwana hawakuhamia huko, walingoja tu kodi. Mtu wa Trans Nzoia ama Nakuru hapo hahitaji kuelezwa sana.

Poirier akasoma, akawa mwalimu wa shule, na kwa Kiingereza akajulikana kama Stanislaus Perry. 1854 akaingia bunge la kisiwa, Muakadia wa kwanza kuketi hapo. Akazeeka nalo, akafika kuwa Spika. 1873 kisiwa kikajiunga na Kanada na 1874 akachaguliwa kwenda Ottawa, bunge la taifa, tena Muakadia wa kwanza kutoka kisiwa hicho. 1878 akaanguka. 1879 alikuwa ashachaguliwa tena kwa bunge la kisiwa, yaani alishuka ngazi bila aibu. 1887 akarudi Ottawa. 1896 akaanguka tena, 1897 kukawa na uchaguzi mdogo akashinda, na 1898 akafa akiwa mbunge.

Sasa hiyo historia ukiishika vizuri inakupa karibu kila kitu. Ualimu ulimpa watu wa kumsikiliza, lakini kile kilimpeleka Ottawa ni miaka 20 kwa bunge dogo la kisiwa kabla ya lile kubwa la taifa. Kwa hivyo swali la kwanza si utagombea na chama gani, ni utagombea kiti gani. Mwalimu mwenye amefundisha shule moja ya siku kwa wadi moja miaka 12, anajulikana na kila boma la hiyo wadi na hajulikani ng'ambo ya mto, huyo kiti chake cha kwanza ni MCA, mjumbe wa wadi kwa bunge la kaunti. Najua wengi mnaona MCA ni kudogo kwa mtu wa digrii mbili. Lakini bajeti ya kaunti ya barabara za ndani, zahanati na chekechea inapitia hapo, na ukimaliza miaka mitano uko na kitu cha kuonyesha wadi nne zingine. Ukiruka moja kwa moja kwa ubunge uwe na sababu, kama ulikuwa kiongozi wa chama cha walimu kwa tawi lote, ama ulikuwa mwalimu mkuu wa shule kubwa yenye inachukua watoto wa eneo bunge zima.

Halafu kuna hii ya wanafunzi wako wako wapi. Wengi mnahesabu kura hivi: nimefundisha watoto elfu kadhaa, kila mtoto ana wazazi, basi nimeshinda. Pole. Ile hamisha hamisha ya TSC iliyoanza 2018 ilitoa walimu wakuu wengi nyumbani, mtu wa Sabatia akapelekwa Siaya, wa Siaya akapelekwa Kericho, so rejista yako nzima inaweza kuwa imejaa wapiga kura wa kaunti nyingine. Keti chini na daftari uandike wale wako kwa eneo bunge lako peke yake, kituo kwa kituo, na usiandike majina ya watu unaowapenda, andika wenye wanapiga kura hapo kweli. Ukipata vituo vyenye huna ata mtu mmoja, hapo ndipo pa kuanza kutembea, si kwenu. Na wewe mwenyewe kama bado umejiandikisha karibu na shule ya kazi, hamisha kura yako nyumbani. Sheria inadai tu uwe mpiga kura aliyeandikishwa, lakini kunyimwa kura na wewe mwenyewe, hiyo watu watacheka mpaka krismasi.

Kama ukoo wako ni mdogo, hapa Poirier anakufaa kabisa. Kura za Waakadia peke yake hazingemfikisha Ottawa, walikuwa wachache, ilibidi achaguliwe na watu wasio wake. Mteso wa Busia, Msabaot wa Bungoma, Mterik wa Vihiga, Mluhya wa Nakuru, hesabu yenu ni hiyo hiyo. Usianze na "zamu yetu imefika", juu ukisema hivyo umewakumbusha wale wakubwa kwamba wao ni wengi. Tafuta jambo lenye linauma wote, kama ilivyokuwa mambo ya mashamba kwa kile kisiwa. Huku kwetu kuna bei ya miwa na kuchelewa kwa malipo, kuna mafuriko ya Nyando, kuna hati za mashamba, kuna basari yenye inafika muhula ukiisha. Chagua moja. Ujue ndani nje, ujue ofisi gani inashika faili, ujue afisa wa wadi anasema nini na wa Nairobi anasema nini, uweze kuieleza mama muuza omena Kibuye kwa dakika moja akaelewa. Mwalimu wa kweli hiyo ndiyo kazi amefanya maisha yake yote na ajabu ni kwamba wakishika maiki wanasahau, wanaanza kuongea kama wanasiasa wa runinga.

Pesa sasa, na hapa unisome pole pole.

Kabla ya barua yoyote toa peislipu yako uiweke mezani na mke wako ama mume wako aketi hapo. Angalia makato. Mkopo wa SACCO, mkopo wa benki, ule wa shamba, ule wa karo ya mtoto. Hizo zote zinakatwa kabla mshahara haujakufikia, siku mshahara ukiisha makato yanaisha pia lakini deni halijaisha, na SACCO haitakutafuta wewe peke yako, itatafuta waliokudhamini. Hao ni nani? Ni walimu wenzako wa stafurumu ile ile, wale ulikuwa unategemea wakupigie debe. Fikiria Machi mwalimu mwenzako anaona hisa zake zimeguswa juu ya mkopo wako na yeye ndiye ulimpa kazi ya kusimamia vituo vya kwenu. Ataenda kila matanga akikutaja. Kwa hivyo muda huu uliobaki usichukue mkopo mpya kabisa, punguza ile ya zamani, na kama haiwezi kuisha, enda SACCO mapema uketi na afisa wa mikopo mkubaliane utalipaje bila peislipu. Uliza pia kuhusu pensheni yako kwa umri wako na miaka yako ya kazi, uandikiwe, usisikilize ya mtu wa mtaani, juu mpango wa pensheni wa watumishi wa umma ulibadilika Januari 2021 na kila mtu hesabu yake ni tofauti. Na bima ya matibabu, kama mko na mtoto wa hospitali kila mwezi, hiyo pekee inaweza kukufanya ungoje 2032 na si dhambi.

Barua yenyewe iandike kwa heshima, upitishie kwa mwalimu mkuu, ukabidhi vitabu, rejista, funguo za maabara, kila kitu kwa sahihi, na ubaki na kopi yenye muhuri kwamba imepokelewa na barua ya kukubaliwa. Mtu wa kukupinga atakapoenda kusema wewe bado ni mtumishi wa umma, hiyo karatasi ndiyo itakutetea. Na wakati bado uko kazini usifanye siasa kwa mkutano wa wazazi, usitumie basi la shule, usigawe kalenda zenye sura yako kwa darasa la nane la zamani ama la tisa la sasa. Watoto wataenda nazo nyumbani ndio, lakini pia kuna mzazi wa upande ule mwingine atapiga picha.

Sasa matanga. Mtu akikuambia huku Western na Nyanza unaweza kushinda bila kuhudhuria mazishi, huyo hajawahi kuishi huku. Jumamosi moja kunaweza kuwa na tatu, nne, kwa kata moja. Wenye pesa wanakuja saa saba na gari tatu, wanapewa maiki baada ya padri ama pasta, wanasema pole, wanatoa bahasha, wanaondoka kabla ya kaburi. Huwezi kushindana na bahasha na usijaribu. Wewe kuja Alhamisi jioni. Familia ikiwa kwa kikao cha kamati, kuna kazi moja yenye kila mtu anaikimbia na ni ya mwalimu: kuandika historia ya marehemu na kupanga programu ya siku. Keti na shemeji na mtoto mkubwa, uliza marehemu alizaliwa wapi, alisomea wapi, alifanya kazi gani, watoto ni wangapi kwa mpangilio, na hapa uwe makini sana, juu kuna boma zenye nyumba ya pili haitajwi na wewe ukisahau mtoto mmoja kwa ile karatasi utakuwa umepoteza ukoo. Soma rasimu kwa sauti mbele ya wazee. Subiri warekebishe. Peleka ikachapwe, hesabu kopi. Jumamosi mheshimiwa wa bahasha atakuwa ameshika mkononi karatasi yenye wewe uliandika, na wewe ukiwa umekaa nyuma kwa kiti cha plastiki hujaomba maiki, familia itakuita yenyewe, "mwalimu asimame watu wamwone". Vihiga utasikia omwalimu, Kisumu japuonj. Simama, sema pole, keti. Dakika mbili. Usitaje kiti.

Na fanya hivi ata kwa boma zenye haziko upande wako. Hasa hizo.

Chama. Kisumu kwa miaka mingi tiketi ya ODM imekuwa ndiyo uchaguzi wenyewe, kura ya Agosti inakuja kuthibitisha tu. Kakamega, Bungoma, Vihiga na Busia mambo yamechanganyika, kuna ODM, kuna UDA yenye ilimeza ANC 2025, kuna Ford Kenya, kuna DAP-K, na kila mtu anaangalia mwenzake. Mimi maoni yangu mwalimu asiwe mtu wa kuhama hama, lakini kabla ya kitu chochote ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uangalie kama umesajiliwa chama bila kujua. 2021 Wakenya wengi walishtuka kujikuta wanachama wa vyama wasivyowahi ata kuvisikia, na ukigundua hiyo dakika ya mwisho inaweza kukufungia mlango. Ukitaka kusimama huru, Katiba inadai usiwe mwanachama wa chama kwa angalau miezi mitatu kabla ya kura na uwe na saini za wapiga kura 1,000 wa eneo bunge lako, ama 2,000 wa kaunti kama ni Seneti. Kusanya nyingi kuliko hizo, juu zingine zitakuwa za watu waliojiandikisha kwingine. Hapo tena daftari lako la vituo linafanya kazi. Mwenye anaenda kura ya mchujo ya chama apange kabisa kwamba anaweza kushinda kwa watu na kunyimwa cheti, na aamue mapema, kabla hajakasirika, kama atakubali ama atafanya nini, juu baada ya mchujo muda wa kuwa huru unaweza kuwa umebana sana.

Karatasi za IEBC, tume ya uchaguzi, si ngumu, ni za kukimbiza tu: fomu ya kujieleza ya maadili ya EACC, tume ya kupambana na ufisadi, na zingine zenye mwongozo utadai. HELB, ule mkopo wa chuo, kama bado unadaiwa anza kulipa leo. 2022 ada ya IEBC kwa ubunge ilikuwa shilingi 20,000, na wanawake, vijana na walemavu 10,000. Ya chama inakuwa kubwa zaidi. Digrii 2022 ilidaiwa kwa rais, gavana na manaibu wao, lakini soma mwongozo mpya wa IEBC ukitoka, usitegemee ya zamani.

Pesa ya kampeni isipitie simu yako. Fungua laini nyingine ashike mtu mwenye anajua kusema hapana, shangazi mkali ni bora kuliko rafiki wa chuo. Kila shilingi iandikwe. Vijana wa boda stejini wakitaka mafuta wapewe mafuta kwa petroli stesheni, si pesa mkononi.

Siku ya kura, watu wengi wanalala na wimbo wa ushindi kwa spika na wanasahau kituo. Matokeo ya ubunge yanaandikwa kwa fomu 35A pale pale kituoni, na ajenti wako lazima aweke sahihi na apate kopi. Vituo vingi ni madarasa, unayajua, na wewe uko na hazina yenye mwenye hadwea hana: wanafunzi wako wa zamani waliomaliza sekondari, hawana kazi, wanajua hesabu. Wafunze wiki mbili kabla. Wape fomu ya mazoezi, waambie wajumlishe, waambie jumla ya kura halali pamoja na zilizokataliwa ni lazima ilingane na karatasi zilizotoka kwa sanduku, na kituo kwa kawaida hakizidi wapiga kura 700 kwa hivyo nambari ikipita hapo waulize kwa adabu hapo hapo. Wape chakula cha kubeba, chaja, na mtu wa kuwachukua usiku, hasa wasichana. Ajenti mwenye ana njaa saa nne usiku atasaini chochote.

Ukishindwa, na wengi watashindwa juu kiti ni kimoja, kesi ya kupinga ni ndani ya siku 28 tangu matokeo kutangazwa na dhamana ya ubunge ni shilingi 500,000, so usiongozwe na hasira za watu wenye hawatatoa ata mia. Kama fomu 35A zako zote ziko na zinasema umeshindwa, basi umeshindwa. Kiti chako cha stafurumu usihesabu kimewekwa, kurudi TSC ni kuomba upya kama mtu yeyote, wengi wanaanzia shule za kibinafsi ama wanafundisha kwa mkataba wa bodi. Kama unataka kujaribu tena, wiki hiyo hiyo lipa maajenti na mwenye spika na mwenye hema, ata kama ni kwa awamu, juu hao ndio watakuwa wanakutaja kila siku stejini. Alhamisi ikifika na kuna kikao cha matanga, enda uandike historia ya marehemu.